Mama Materinite na Gari Lisilo na Kampuni

Mtaa wetu wa Manika, hapa Kolwezi, ulikuwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko chake, lakini hakuna aliyesalimiwa kwa sauti ya juu kama yeye. Jina lake nalijua, na sitaliandika, maana yeye mwenyewe hakulitumia. Kwetu alikuwa Mama Materinite tu, kwa sababu miaka yote niliyomjua kazi yake ilikuwa kuzalisha wanawake: kwanza katika materinite, wodi ya kujifungulia, ya ile kampuni kubwa ya zamani ya migodi, halafu, kampuni ilipokwisha, popote alipoitwa. Alizaliwa wapi, na nani, sikuwahi kumwuliza. Mtu aliyewaona nusu ya watu wa mji wakiingia duniani, ni vigumu kumwuliza yeye aliingiaje.

Mimi ni deklaranti, yaani natengeneza makaratasi ya malori yanayobeba shaba kwenda mpakani. Nyumba yangu inatazamana na yake. Nasema hivyo mapema ili ujue kwamba ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na kwamba katika habari ya lile gari lake mimi nilikuwa upande wa walioshindwa.

Majina hayakumkaa kichwani hata kidogo. Watu aliwajua kwa namna walivyozaliwa. Mwanangu wa kwanza kwake alikuwa "yule wa mvua", kwa sababu usiku ule paa la materinite lilivuja. Wa pili alikuwa "yule wa haraka". Mke wangu, ambaye ni mwalimu na anapenda heshima yake, aliitwa "mama wa haraka" mbele ya mlango wa kanisa, watu wote wakitoka misani, na kwa muda wa mwezi mzima baada ya hapo tulisali misa ya kwanza ya alfajiri ili tusikutane naye.

Siku moja polisi wa barabarani alimsimamisha karibu na soko. Kijana mrefu, miwani myeusi, kifua mbele. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Mama, nikaanza kutafuta makaratasi ya gari. Yeye akashusha kioo taratibu, akamtazama yule kijana kuanzia kofia mpaka viatu.

"Weye!" alisema. "Weye njo ulikujaka matako mbele!"

Polisi akavua miwani.

"Mama yako alitesekaka siku mbili ju yako. Iko muzima?"

"Iko muzima, Mama," kijana akajibu kwa sauti ndogo, huku muuza maandazi na wateja wake wakisikiliza vizuri kabisa.

"Umusalimie. Umwambie asibebe bitu bizito."

Makaratasi yalirudi kwangu bila kufunguliwa. Kuanzia siku ile, kila tulipopita pale, yule polisi aligeukia upande mwingine na kuwa na shughuli nyingi sana.

Watu wasiomjua walidhani anapenda watoto. Hapana. Mtoto akishalia na kufungwa kitovu, Mama Materinite alimkabidhi kwa mama yake, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na hakumtazama tena. Sikuwahi kumwona akimbeba mtoto barazani au kumchezesha. Nilimwuliza kwa nini. "Mutoto iko na batu mingi ba kumuchunga," alisema. "Mi kazi yangu ni mwanamuke."

Dawa yake ya kwanza kwa kila jambo ilikuwa maneno mawili: "Pumua kwanza." Aliyasema kwa mwanamke mwenye uchungu, aliyasema kwa mke wangu wali ulipoungua, aliyasema kwangu mimi siku nilipopoteza hati za malori sita. Lakini yeye mwenyewe hakupumua hata siku moja. Chai aliinywa amesimama. Kuku wa jirani akiingia kwenye mchicha wake, ungesikia kelele mpaka barabara kuu, na dereva wa lori aliyempigia honi alipewa maneno ambayo wenye kumjua kanisani hawakuamini kwamba anayo.

Nilisema nitasimulia habari ya gari.

Kabla ya gari alikwenda kwa wagonjwa wake kwa pikipiki za teksi, na alizichukia. Alikaa ubavu, mkoba magotini, akisali kwa sauti mpaka madereva wengine walikataa kumpakia kwa kuwa alikuwa akiwatia hofu. Wanawake wengi waliomwita walikuwa Musonoi, kando ya mashimo ya mgodi, na wakati wa mvua njia ya kule ni matope na madimbwi. Msimu mmoja pikipiki iliingia kwenye dimbwi na haikutoka na abiria wake. Mama Materinite alivunjika mkono. Alikwenda mpaka kwa mgonjwa na mkono uliovunjika, akazalisha kwa mkono mmoja na kwa mdomo, akiwaelekeza shangazi wawili la kufanya, kisha ndipo akatafuta wa kumfunga mkono.

Binti yake alisikia. Ana binti mmoja tu, mwenye duka la dawa Lubumbashi, mwanamke mpole anayeongea kama mtu aliyekwisha kuamua. Alikuja kwa basi siku ya pili. Chumba kipo, alisema, kitanda kipo, hata pazia limekwisha kutundikwa. Mama alikuwa amepita miaka sitini, inatosha sasa. Mama Materinite akasema haendi. Mkono ukiwa shingoni kwenye kitambaa, akasema atanunua gari.

Walibishana mchana mzima, na mimi nikaitwa niwe shahidi kwa sababu nilikuwa karibu na uzio nikijifanya natengeneza waya. Mwishoni binti akasema:

"Sawa, mama. Nunua mutokari. Lakini siku moja tu mwanamuke akungojee na hauko, unakuja kwangu. Sitabishana tena, na weye hautabishana."

"Sawa," alisema mama yake.

Wakapeana mikono, mkono mzima wa mama kwa mkono wa binti. Kwa hiyo kuanzia siku ile kila mtu mtaani alijua mambo yalivyo. Gari likisimama njiani, Mama Materinite anatuacha.

Nilikwenda naye kulitafuta, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua makaratasi, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umekwisha kutangaza kwamba najua na magari pia. La kwanza alilikataa akiwa bado nje ya lango, eti limekaa chini sana, mwanamke mjamzito hataweza kuinuka. La pili lilinuka mbuzi. La tatu lilikuwa zuri kabisa na mimi nililipenda, lakini aligusa viti vyake, vilikuwa vya kitambaa laini cheupe, akanitazama kwa huruma.

La nne lilikuwa la pasta mmoja aliyerudi kutoka Kanada. Alilileta ndani ya kontena pamoja na vinanda na viti vya kanisa, na sasa waumini walikuwa wamempa gari la jeep. Lilikuwa gari fupi la milango mitano, rangi ya majivu, mgongo wa nyuma umepanda kama mkate ulioumuka, na mlango wa tano ulifunguka kwenda juu. Usukani ulikuwa kushoto, jambo ambalo kwetu, tunaoendesha upande wa kulia wa barabara, si la kudharau, maana magari mengi yanatufikia kutoka Dar es Salaam na usukani upande usiofaa. Nilifungua makaratasi. Nilipoona jina la kampuni iliyolitengeneza, nikamvuta Mama kando ya bomba la maji.

"Mama, hii hapana. Ni ya Amerika, na kampuni yake ilikufa. Ilifungwaka zamani. Hakuna mutu anatengeneza hii jina tena mu dunia."

"Ilikufa na nini?"

"Sijue, Mama. Ilikufa tu. Kitu ikivunjika, pièces za kubadilisha utapata wapi? Hii mutokari ni yatima."

Alinitazama kama anavyotazama mume anayeuliza maswali wakati wa uchungu.

"Na shi batu ba hapa?" alisema. "Kampuni yetu haikufe? Tulikaa miezi ngapi bila mushahara, kisha bakafunga. Mi nilikufa? Si niko hapa nasimama?"

Katika mji huu, nusu ya wazee ni watoto wa kampuni iliyokufa, na bado wanaamka asubuhi na kuvaa mashati safi.

Akarudi kwa Pasta, akaanza kumhoji kama mgonjwa mpya. Limepita katika mikono ya watu wangapi? Wawili, alisema Pasta: mwanamke mzee wa kule kwenye baridi, halafu yeye. Limewahi kugongwa? Kidogo, nyuma. Linakunywa mafuta? Lina homa, yaani linachemka? Pasta alijibu yote, jasho likimtoka. Kisha Mama akasema liwashwe. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kipembe chake cha mti, kile wanachowekea tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, akakiweka juu ya injini na kuinamisha sikio.

"Munyamaze bote."

Tulinyamaza. Ndani ya nyumba kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na Pasta akaenda kuinyamazisha nayo. Mama alisikiliza muda mrefu, amefumba macho, akahamisha kipembe mara tatu. Sijui alisikia nini. Mimi nilisikia gari linalonguruma, basi.

Halafu akazunguka nyuma, akaniambia nilaze viti. Vililala vyote, hata kile cha mbele cha abiria, na migongo yake haikuwa na kitambaa, ilikuwa plastiki ngumu. Sakafu yote ikawa tambarare kutoka mlango wa tano mpaka mbele. Mama Materinite akavua viatu, akapanda, akalala chali mle ndani, amevaa blauzi yake nyeupe ya kazi, nyayo zake zikimwelekea Pasta. Akanyoosha mikono. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akainua magoti, na hapo Pasta akaanza kutazama mbingu.

Alitoka bila haraka, akapitisha kidole juu ya ile plastiki.

"Hii inasafishika," alisema.

Akalinunua. Bei nitaiacha, kwa sababu Pasta yuko hai na bado anaona aibu jinsi alivyoshushwa.

Kuendesha nilimfundisha mimi, katika kiwanja cha mpira cha parokia. Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote, kwa sababu hakukubali kwamba yeye ni mwanafunzi. Gari lilijibadilishia gia lenyewe, kwa hiyo kazi ilikuwa usukani na pedali mbili tu. "Mi nilitoaka batoto mapacha mu giza," aliniambia, "pedali mbili njo zitaniogopesha?" Dakika moja baadaye tuligonga nguzo ya goli. Taratibu, lakini tuligonga. Nilipiga kelele, na yeye, akiwa bado ameshika usukani, akaniambia nipumue kwanza. Kisha akashuka, akaikagua nguzo, wala hakulitazama gari. Goli lile limeinama mpaka leo, na timu ya parokia inasema ndiyo sababu ya kila bao wanalofungwa.

Alipozoea, aliendesha katikati ya barabara, polepole, taa zote za hatari zikiwaka hata akiwa anakwenda kununua unga. Gari lilikuwa na sheria zake. Nyuma, shuka safi juu ya plastiki. Madirisha wazi. Mume wa mgonjwa alikunjuliwa kiti, akakaa mbele, akashika mkoba na kufunga mdomo. Mume aliyethubutu kusema "Mama, ongeza mwendo kidogo" aliteremshwa pale pale akamalizia safari kwa miguu. Namjua mmoja aliyeteremshwa karibu na gereji za malori. Alifika baada ya mtoto, na mpaka sasa mke wake hajaacha kumcheka.

Fundi wa nyuma ya soko alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hatalishika. "Nitaitengeneza na nini?" aliwaambia watu. "Na maombi ya Pasta?" Mimi nilimuunga mkono, na tulicheka wote wawili. Ndiyo maana siku maji yalipoanza kudondoka chini ya gari, uani kwa Mama, sikujua niweke wapi uso wangu. Mama Materinite aliweka beseni, akakaa kwenye kigoda akitazama tone moja moja. Mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona amepumua kwanza yeye mwenyewe.

Nikaenda kumbembeleza fundi. Alikuja amenuna, akafungua boneti, akasema pampu ya maji imekufa na hakuna nyingine kama hiyo Kongo nzima. Akachukua kitambaa apanguse ili atuonyeshe ubaya wake. Alipangusa, akainama, akapangusa tena. Halafu akakaa chini kwenye vumbi na kuanza kucheka mpaka majirani wakatoka.

"Mama! Ile jina iko ku mulango tu! Ndani humu, moteur ni ya Bajaponi! Ni sawasawa na teksi zetu zote!"

Na kweli, pale kwenye chuma, chini ya mafuta na vumbi, palikuwa na jina la ile kampuni ya Kijapani ambayo teksi nyingi za Kolwezi zinatoka kwake. Kumbe Wamarekani na Wajapani walikuwa wamelitengeneza pamoja, hawa wakaweka moyo na wale wakaweka jina. Pampu ilipatikana sokoni kabla ya saa sita mchana. Mimi, mtu wa makaratasi, nilikuwa nimesoma karatasi zote isipokuwa injini yenyewe.

"Deklaranti anasoma barua," alisema Mama Materinite mbele ya watu wote. "Mi nasikiaka moyo. Ile siku kwa Pasta nilijua."

Nina shaka kama alijua. Nadhani alilinunua kwa sababu ya ile plastiki. Lakini sikusema, kwa kuwa siku ile sikuwa na haki ya kusema kitu.

Basi miaka ikapita na gari halikusimama. Lilipata mikwaruzo, lilipoteza taa moja, lilizeeka kama wazee wanavyozeeka, lakini halikumwangusha njiani. Kila asubuhi nilichungulia uani kwake kama limerudi. Mwanzoni nilichungulia nikitaka niwe nimesema kweli, nakiri hivyo. Baadaye nilichungulia kwa hofu. Yule mama nilimpenda, na nilianza kulipenda hata gari lake, na sikutaka binti yake apate sababu.

Kiangazi kilichopita kazi iliniweka mpakani wiki tatu, malori yamepanga foleni. Niliporudi nililikuta gari uani, limeoshwa, shuka limekunjwa juu ya kiti. Siku ya pili lilikuwa bado pale. Siku ya tatu nikavuka barabara.

Alikuwa nyuma ya nyumba akimenya viazi vitamu, amekaa. Nilishtuka kumwona amekaa.

"Mutokari inagonjwa, Mama?"

"Mutokari iko muzima. Washa uone."

Sikuwasha. Akaendelea kumenya, na akanieleza bila kuinua macho. Mwanamke mmoja wa Musonoi, mimba ya kwanza, alimpigia simu. Alimpigia mara nne. Simu ilikuwa mezani, hapa, karibu kama kile kisu. Yeye alikuwa kwenye kiti, amelala, mchana mweupe. Hakusikia hata mlio mmoja. Alipoamka akaziona zile simu nne, akaendesha mpaka kule kwa mwendo ambao hajawahi kwenda. Walikuwa wamempakia binti wa watu kwenye pikipiki, wakashindwa, akajifungulia kando ya njia, juu ya kitenge cha muuza mahindi.

"Na mutoto?"

"Muzima. Bote bawili bazima. Ni Mungu, hapana miye."

Mimi ni mtu wa makaratasi, na nikayashika yale mapatano kama karatasi.

"Mama, sikia. Binti yako hajue. Na mapatano yenu ilikuwa ju ya mutokari kusimama mu njia. Mi nilikuwa pale, mi ni shahidi. Mutokari haikusimame."

Akaweka kisu chini.

"Mapatano ilikuwa ju ya ule mwanamuke," alisema. "Aliningojea, na sikukuwa. Mutokari ilikuwa tayari. Miye njo sikukuwa tayari."

Nikamwambia abaki, nitamwendesha mimi, usiku na mchana, nitaacha hata malori. Nilisema kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nalia, sioni aibu kuandika. Alinishika mkono kwa vidole vyenye maji ya viazi.

"Na simu, nani atasikia?"

Tulikaa tukamalizia viazi pamoja.

Alimpigia binti yake jioni hiyo hiyo, mwenyewe, akamweleza yote, hata yale ambayo hakuna mtu angeyajua. Kisha akapanga mambo yake kwa siku nne. Gari alimpa muuguzi wa kituo cha Musonoi, mama mwenye watoto watatu, ambaye alikuwa amefanya kazi naye miaka mingi. Alimwonyesha jinsi ya kulaza viti na jinsi ya kuosha ile plastiki. Halafu akampa na simu, na namba yake ndani, ili wanawake wasipate shida ya kujifunza namba nyingine. Mimi nilipewa kazi moja: kumpeleka Lubumbashi kwa gari hilo hilo, na kulirudisha Musonoi kesho yake.

Tuliondoka asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa na sanduku moja na mfuko wa mbegu za mchicha. Barabara ilijaa malori ya shaba, na sikusikia akimtukana dereva hata mmoja. Alitazama mbele. Ila mkono wake wa kulia ulipanda kila mara kwenye mfuko wa blauzi, ukapapasa, ukakuta hakuna kitu, ukashuka. Nilihesabu mara sita, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu iliniumiza.

Tulipopita Fungurume akasema nisimame. Nilisimama kando, chini ya nguzo ya umeme, malori yakitupita na vumbi lao.

"Nipigie namba yangu," alisema. "Mi siijue. Sijajipigiaka."

Namba ile naijua kuliko yangu. Nikapiga, nikampa simu. Akaiweka sikioni, akaiziba na kiganja ili asikie vizuri. Hata mimi nilisikia ilivyolia mara moja, na sauti ya yule muuguzi ikatoka, nzito kidogo, ya mtu anayevaa viatu huku anaongea.

"Allô? Uko wapi?"

Mama Materinite hakujibu.

"Allô, mama, usikate. Niambie uko wapi, mi nakuja."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakata, akanirudishia simu, akakaa sawa kwenye kiti.

"Amesikia," alisema. "Twende, binti yangu anangojea."